Mkia wa Msafara

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimevishwa filimbi. Bi Ghislaine, kiongozi wa kundi la wanawake la kila Jumamosi, aliivua shingoni mwake pale tunapoegesha magari, akanivisha mbele ya wote, akasema, "Maude, wewe utakuwa mkia." Kisha akainama kufunga mikanda ya viatu vyake vya theluji, vile vipana vinavyomzuia mtu asizame, kana kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mkia ni mtu wa mwisho. Nina miaka kumi na sita na ndimi mdogo kuliko wote, kwa hiyo nilidhani nimewekwa nyuma kwa sababu nakwenda polepole. Filimbi ni ya plastiki ya rangi ya machungwa. Niliificha ndani ya koti.

Theluji mpya ilikuwa inafika magotini. Anayetangulia ndiye anayefungua njia: anakanyaga, wengine wanafuata nyayo zake. Akichoka anatoka pembeni, anasema "Piteni," anasimama mpaka msafara wote umpite, kisha anaingia nyuma, mbele ya mkia tu, ambaye haondoki mpaka huyo arudi njiani. Hakuna anayeulizwa kama amechoka. Hilo ni tusi kwetu. Huguette, ambaye ana miaka sabini na mmoja na hanyamazi hata akipanda mlima, anasema marehemu mumewe aliwahi kumwuliza mara moja tu, na wiki ile alijipikia mwenyewe.

Mama alifungua njia kuliko wote. Alipotoka pembeni nilimkuta ameinama na simu mkononi.

"Nyayo za sungura," aliniambia. "Nazipiga picha."

Mama hapendi kupiga picha.

Jumanne, 14 Januari

Baridi nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Shule haikufungwa. Wino wa kalamu yangu uliganda njiani.

Jumatano, 22 Januari

Saluni ya mama iko chini, sisi tunaishi juu. Katikati ya ngazi kuna dirisha linalotazama Mto, ambao sasa ni barafu tupu mpaka ng'ambo. Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikimkuta mama amesimama hapo, nami nikidhani anautazama Mto.

Leo nilitoka chumbani ghafla. Alikuwa ameshika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili na macho ameyafumba. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Ilibidi aniambie. Tangu Novemba anakosa pumzi. Daktari wa hapa alisikiliza moyo wake, hakupenda alichosikia, akamwandikia aende kwa mtaalamu mjini Rimouski. Miadi ni Aprili. Mpaka hapo asijichoshe.

"Lakini Jumamosi unafungua njia," nilisema.

"Sikiliza, mwanangu. Baba yako yuko mgodini kaskazini. Ukimwambia ataacha zamu aje, na hakuna atakachofanya hapa zaidi ya kunikodolea macho. Na kundi usiwaambie kabisa. Ghislaine akijua, hanipeleki Bonhomme."

Bonhomme ni mlima tunaoupanda mwisho wa Machi, safari ya kufunga msimu. Juu yake kuna kibanda chenye jiko la kuni.

"Ni mlima tu, mama."

"Wiki nzima nasimama nikikata nywele za watu na kusikiliza ndoa zao. Jumamosi ni yangu. Nikianza kuiacha hiyo nitakuwa mgonjwa kweli." Alinishika kidevu. "Niahidi."

Nikaahidi. Nilisema haraka mno, kama mtu anayerudisha sahani ya moto.

Jumamosi, 25 Januari

Mama amepiga picha nyayo za sungura, kisha gome la mti, kisha kitu ambacho mimi sikukiona.

"Marjolaine," Huguette alimwita, "huyo sungura mwambie akulipe. Umeshamtengenezea albamu ya harusi."

Wote walicheka. Mama naye alicheka, ila kwa mdomo uliofungwa, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kuufungua. Mimi peke yangu niliona hilo. Ukiwa mkia unaona migongo ya watu wote, na mgongo hauwezi kudanganya kama uso.

Jumamosi, 1 Februari

Dhoruba. Hatukutoka. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kufurahi, kwa sababu mama alikaa dirishani siku nzima na viatu vyake vya theluji vimeegemea ukuta kando yake kama mbwa anayetaka kutolewa nje.

Jumamosi, 8 Februari

Bi Ghislaine alituchukua kwa gari lake, mama mbele, mimi nyuma. Kwa miaka thelathini aliendesha basi la shule la kijiji hiki. Mimi mwenyewe nilipanda basi lake tangu chekechea, na sikumbuki aliwahi kunisalimu. Alikuwa anatutazama tu kwenye kioo. Inasemekana alimwacha mtoto wa mkuu wa shule kituoni kwa kuchelewa, tena mvua ikinyesha.

Wakati wa kurudi mama alishuka dukani kununua maziwa. Tukabaki wawili. Nikasema moyoni, sasa. Nikafungua kinywa.

Bi Ghislaine alinitazama kwenye kioo. "Una kitu?"

"Hapana, Bi."

"Haya."

Vitabuni watu waoga hupata ujasiri ukurasa unapohitaji. Mimi nilitazama magoti yangu mpaka mama akarudi na maziwa.

Alhamisi, 13 Februari

Mtihani wa historia. Mama amesimama dirishani kwenye ngazi mara mbili, kwenda juu tu.

Jumamosi, 15 Februari

Leo fimbo ya Huguette ilizama yote, mpaka mpini, kando ya msonobari. Alibaki ameishika hewa.

"Imekwenda kwao," alisema.

Bi Ghislaine alisimamisha msafara. Ni mara chache anasema maneno mengi. "Mti kama huu matawi yake yanaizuia theluji isifike chini. Kwa juu unaona pamelala sawa, lakini kando ya shina kuna shimo, linaweza kuwa refu kukuzidi. Ukitoka pembeni kupisha wenzako, toka upande ulio wazi. Asiyenisikia aseme."

Mama alikuwa nyuma kidogo, ameinamia mkanda wa kiatu uliokuwa haujalegea.

Jumapili, 16 Februari

Nilifungua simu ya mama nione picha za sungura. Hakuna hata moja.

Jumamosi, 1 Machi

Tumegombana kwa mara ya kwanza tangu nianze sekondari. Alipotoka pembeni leo nilisimama naye, nikakataa kuondoka mpaka pumzi zake zitulie. Msafara ukatuacha. Bi Ghislaine aligeuka akatutazama kutoka mbali, akasimama hivyo hivyo, na wengine wakasimama nyuma yake.

"Tembea," mama alininong'oneza. "Unanitia aibu."

"Mama, umecho..."

"Usiniulize hilo. Usithubutu kuniulizia hilo mbele ya watu."

Nyumbani alisema ninamchunga kama polisi. Nikamwambia polisi hulipwa. Alikaribia kucheka, lakini hakucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Mchana jua linayeyusha, usiku panaganda. Barafu ya Mto imeanza kupasuka, na mlio wake unasikika mpaka darasani. Mwalimu wa hesabu anasimama kila mara na chaki mkononi, anasubiri uishe.

Jumatano, 19 Machi

Nimejifungia bafuni nikajizoeza: "Bi Ghislaine, mama ni mgonjwa." Maneno matatu na jina. Paka alikaa juu ya mashine ya kufulia akinisikiliza. Mara ya tatu akaondoka.

Jumamosi, 22 Machi

Nimesema.

Leo hatukuwa na safari, miguu inapumzishwa kabla ya Bonhomme. Nilimwambia mama nakwenda maktaba. Nikapita maktaba, nikaendelea mpaka kwa Bi Ghislaine. Alikuwa kwenye kibanda cha uani anabadilisha mikanda ya viatu vya theluji vya kundi, vya mama vikiwemo, miwani imemshuka puani.

Maneno niliyoyakariri yalipotea yote. Nilichosema ni, "Hakuna picha kwenye simu." Kisha nikaanza upya, nikasema kila kitu: ngazi, midomo, daktari, Aprili, ahadi. Nilikuwa naziambia buti zangu.

"Tangu lini?"

"Novemba."

Alipitisha mkanda kwenye tundu, akauvuta. "Mama yako anajua umekuja?"

"Hapana."

"Haya." Alichukua kiatu kingine. "Jumamosi vaa soksi jozi mbili. Na hiyo filimbi iwe nje ya koti."

Nilisubiri. Nikasema asante, sijui kwa lipi, nikaondoka.

Nilimsaliti mama kwa ajili ya ushauri wa soksi. Mwanamke huyu alimwacha mtoto kwenye mvua, na sasa naamini.

Ijumaa, 28 Machi

Mama anaimba jikoni. Ametengeneza pai ya nyama ya kesho, ameifunga kwa taulo. Nilimwomba tusiende. Nikasema tumbo linaniuma.

"Basi baki," alisema kwa upole. "Mimi nitakwenda."

Nimeweka filimbi juu ya koti.

Jumapili, 30 Machi

Naandika nikiwa kwenye kiti cha hospitali. Jana sikuweza.

Tulianza kwa hali nzuri. Anga la buluu, theluji ngumu chini na laini juu. Nilimtazama Bi Ghislaine nione kama atamzuia mama. Hakumzuia. Alimsalimu kama kawaida, akahesabu watu, akatangulia. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba alibadilisha watangulizi haraka. Mtu hajakaa sana mbele, yeye anaita, "Mwingine."

"Leo una haraka, una mchumba juu?" Huguette alimwuliza.

"Ninaye. Na ana meno kuliko wako."

Tulipovuka mstari wa misonobari mirefu upepo uligeuka. Sijui kueleza vizuri. Theluji ilianza kutembea chini, kama moshi unaotambaa, kisha ikapanda mpaka kiunoni, kisha hapakuwa na chini wala juu. Nilikuwa naona mgongo wa mtu mmoja mbele yangu, na upepo ukizidi kidogo nauona kama kivuli. Kibanda hakikuwa mbali. Kurudi kulikuwa mbali zaidi.

Zamu ya mama ilifika. Nilisikia Bi Ghislaine akisema kwa sauti, "Marjolaine, acha, mimi nitaendelea," na mama akajibu, "Zamu yangu ni yangu." Upepo ulinyamaza kidogo wakati huo, ndiyo maana nilisikia. Kisha tukaendelea.

Sikusikia "Piteni." Baadaye wote walisema hawakusikia pia. Waliona mtu ametoka pembeni, wakapita, kama tunavyopita siku zote, vichwa chini kwa sababu ya upepo. Kila mmoja alijua kwamba nyuma yake kuna mwingine, na nyuma ya wote niko mimi.

Nilifika mahali ambapo nyayo za mtu mmoja zinaachana na njia. Zilikwenda upande wa kulia, upande wa misonobari, ambako upepo ulikuwa umekatika. Nilielewa kwa nini: alitafuta mahali pa kuvuta pumzi. Nyayo zilikuwa tano au sita. Mwisho wake palikuwa na mti, na chini ya mti palikuwa na giza ambalo halikupaswa kuwapo.

"Mama."

Hakuna kitu. Nikageuka mbele na mgongo niliokuwa naufuata ulikuwa umepotea.

Nataka kuandika kweli: kwa muda mfupi niliwaza kuwakimbilia wenzangu. Ningewakimbilia, theluji ingefuta nyayo, na tungekuja kutafuta mti mmoja katika msitu mzima. Mkia hauondoki mpaka aliyetoka pembeni arudi njiani. Nimeisikia sheria hiyo msimu mzima nikadhani ni adabu tu.

Nikapiga filimbi. Sijawahi kutoa sauti kubwa mbele ya watu, hata kwenye michezo ya shule. Nilipiga mpaka masikio yakaziba, nikavuta hewa, nikapiga tena. Katikati ya kupiga nililala kifudifudi nikatambaa hadi ukingoni. Mama alikuwa ndani, theluji imemfikia kwapani, mkono mmoja umekumbatia tawi. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa ile ya ngazini. Alikuwa ananitazama na hakuweza kusema hata jina langu.

"Usiongee," nilimwambia. "Nipo. Usiongee."

Wa kwanza kutokea alikuwa Bi Ghislaine, anakimbia kwa viatu vile vipana kama ungo, jambo ambalo sijawahi kuona mtu akifanya. Hakuuliza chochote. Alilalia tumbo karibu yangu, akavua kiatu kimoja cha theluji, akaanza kuchimba nacho. Wengine wakafika, wakafanya vivyo hivyo. Huguette alimshika mama uso kwa mikono miwili, akamwambia karibu kabisa na sikio, "Marjolaine, usinifanyie hivyo. Jumanne una miadi na nywele zangu. Nitakwenda wapi mimi na kichwa hiki?"

Kiatu cha mama kilikuwa kimenasa chini ya tawi. Bi Ghislaine aliteremka kichwa chini, sisi tumemshika miguu, akakata mkanda kwa kisu. Mkanda mpya, ule aliokuwa anautia siku ile niliyokwenda kwake. Tukamvuta mama juu, tukamlaza juu ya makoti yetu.

Ndipo Bi Ghislaine akatoa redio kwenye begi lake. Hatujawahi kubeba redio.

"Réal," alisema. "Njoo na sleji. Mstari wa misonobari, upande wa kulia."

Réal ni mpwa wake. Nilifikiri itachukua mchana mzima, maana anakaa kijijini. Lakini mlio wa pikipiki ya theluji ulitoka juu, si chini, na ukatufikia mama akiwa bado anahesabu pumzi zake kwenye shingo yangu. Réal alikuwa kibandani tangu asubuhi. Jiko lilikuwa limewashwa, sleji ya kuburutwa nyuma ya pikipiki imetandikwa mablanketi, na gari la wagonjwa lilishaambiwa lisubiri barabarani. Alikuwa na makombo ya biskuti kwenye ndevu.

Nilimtazama Bi Ghislaine. Alikuwa anafunga kiatu chake.

Jumatatu, 31 Machi

Mlango mmoja wa moyo wa mama umekakamaa, haufunguki vizuri. Daktari anasema huenda alizaliwa na kasoro hiyo. Watampeleka mjini Québec kumwekea mwingine. Baba amefika, amekaa na kofia ya mgodini mapajani, hajui aiweke wapi.

Bi Ghislaine alikuja na supu ya njegere kwenye thamosi. Tulikaa koridoni.

"Ulijua?" nilimwuliza. Sikuziambia buti zangu.

"Oktoba alinikata nywele ameketi. Mama yako hajawahi kukata nywele ameketi."

"Kwa hiyo filimbi..."

"Akitoka pembeni, wa mwisho kumpita ni mkia. Nilitaka macho yanayompenda."

"Mbona hukumzuia?"

"Mwaka juzi nilimzuia kwa sababu ya goti, akapanda peke yake siku ya pili. Unamjua." Alizungusha kifuniko cha thamosi. "Nilipaswa kumwuliza. Hilo sikulifanya. Tumejifanya miaka yote kwamba kutoulizana ni heshima. Nilimsubiri aseme mwenyewe, mpaka akaja mtoto kusema badala yake. Kunywa supu."

Nilitaka kumwuliza kuhusu yule mtoto wa mkuu wa shule. Nikaona si lazima.

Jumanne, 1 Aprili

Mama alizungumza leo. "Ulimwambia Ghislaine."

"Ndiyo."

"Nilikuambia usiseme."

"Ndiyo, mama."

Aligeuza uso ukutani. Nilimsomea kitabu kwa sauti, kurasa nyingi, sijui kama alisikia.

Jumatatu, 7 Aprili

Operesheni imekwenda vizuri. Baba alilia kwenye lifti.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama yuko nyumbani. Hasemi nami zaidi ya "nipe maji" na "funga mlango." Alimwambia baba kwamba mimi na Ghislaine tungefaa kuwa wapelelezi.

Kundi lilitoka mara ya mwisho, kwenye theluji chakavu ya juu ya kijiji. Nilikuwa mkia, filimbi nje ya koti. Katikati ya njia Bi Ghislaine alisimama, akageuka, akatutazama mmoja mmoja kama alivyokuwa akitutazama kwenye kioo cha basi.

"Nani amechoka?" aliuliza.

Nilisikia theluji ikidondoka kwenye matawi.

"Mimi," Huguette alisema hatimaye. "Tangu nilipoolewa."

Kisha mwingine akasema yeye pia kidogo. Tukakaa juu ya gogo tukala pai, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Jumamosi, 26 Aprili

Mto umefunguka. Vipande vya barafu vinapita upesi kuelekea baharini.

Jioni mama alitaka kushuka saluni akaone tu vitu vyake. Alishuka, akagusa mikasi, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Kurudi juu nilikuwa nyuma yake. Alifika kwenye dirisha, akasimama.

"Tazama barafu inavyokwenda," alisema.

Nilitazama barafu. Kisha nikautazama mgongo wake.

"Mama, umechoka?"

Hakugeuka. Nilihesabu vipande vya barafu ili nisirudi nyuma. Kisha akashika ukuta, akajishusha taratibu, akakaa kwenye ngazi.

"Ndiyo," alisema. "Nimechoka sana, Maude."

Akasogea kunipa nafasi. Nikakaa.